Kompyuta ya Kuazima

Ugomvi wa Lamduan na shemeji yake Thawin ulianza kabla kahawa haijapoa. Ilipofika saa tatu asubuhi, wodi nzima ya wanaume katika hospitali ya mkoa ilikuwa imeshajua kwamba Wichian hapumui vizuri tena, kwamba daktari anataka kumtoboa koo amwekee bomba la hewa, na kwamba lazima ijulikane leo hii kama mwenyewe anataka au hataki. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walishagawanyika pande mbili. Mzee mmoja mwenye plasta mguuni alikuwa upande wa bomba, na hakuona haya kusema.

Wichian mwenyewe alikuwa amelala katikati ya kelele hizo, barakoa ya hewa usoni, macho wazi. Ugonjwa wa mishipa ulikuwa umemla kidogo kidogo. Ulichukua miguu, ukachukua mikono, ukachukua ulimi, ukambakizia macho na kidole gumba cha mkono wa kulia. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiki cha Wichian kilikuwa kikivunja mengi, kwa sababu binti yake Chompu alimtengenezea programu ya kusemea. Herufi zilipita kwenye kioo cha kompyuta moja baada ya nyingine, na herufi aitakayo ikifika, Wichian anabonyeza kitufe kwa gumba, kisha programu, ambayo ilikwisha kuyazoea maneno yake, inammalizia. Kwa namna hiyo alikuwa akiagiza supu, akiwatukana waamuzi wa ndondi na kumkumbusha mkewe kufungia kuku.

Sasa sauti hiyo ilikuwa imezimika, na aliyeizima ni mkewe kwa kumpenda mno. Lamduan ni mtu anayeamini kuwa kila kinachosema kina mwenyewe ndani yake. Alivyoona kompyuta inamsemea mumewe, akaanza kuitunza kama anavyotunza kile kijumba cha mizimu pale uani: kila asubuhi glasi ya soda nyekundu na mrija wake, kando ya kitufe cha kuwashia. Juzi paka akapita. Soda yote ikaingia ndani, kompyuta ikatoa moshi kidogo na harufu ya sukari iliyoungua, basi, kwisha.

Tangu hapo Wichian akawa mtu wa kuulizwa tu. Gumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Daktari alipouliza, "Mzee, unataka tukuwekee bomba?" gumba likapiga mara mbili. Thawin akashangilia. Daktari Nalini, ambaye ni mwanamke makini, akauliza kwa upande wa pili, "Kwa hiyo hutaki, tukuache hivi hivi?" Gumba likapiga mara mbili tena.

"Umeona!" Lamduan akasema. "Hataki kuachwa!"

"Na la kwanza je? Alikuwa anafukuza nzi?" Thawin akamjibu. "Kaka yangu ni mtu wa dini. Mwache aende na karma yake, avune alichopanda, shemeji, usimfunge duniani kwa mpira."

"Karma yake ni mimi. Miaka thelathini na tano amenivumilia, mpira mmoja ndio utamshinda?"

Walijaribu na ubao wa herufi. Herufi zetu za Kithai si haba, konsonanti peke yake ni arobaini na nne, na ukifika kwenye irabu koo limekauka. Thawin alisoma kwa sauti ya mnadani, gumba likatikisika mahali, yeye akadai herufi ile ni ya jina la ndugu yao aliyehamia kusini, Lamduan akadai ni ya supu ya mifupa, wakashikana hapo hapo. Wichian akafumba macho. Mtu akiulizwa maswali mabaya siku nzima, hata kufumba macho ni jibu.

Ndiyo maana Chompu alikuwa amekaa kwenye mkeka koridoni, mgongo ukutani, waya umechomekwa kwenye soketi ya pekee iliyokuwa nzima, na mapajani mwake kompyuta ya kuazima. Programu ya baba ilikuwa salama kwenye flashi. Kilichokosekana ni mazingira ya kuiendeshea: ile lugha ya programu yenyewe, na maktaba zake tano sita, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, za kupakuliwa mtandaoni. Kwenye mfumo aliouzoea angeyamaliza kabla wali haujaiva. Lakini kompyuta hii aliipata kwa binamu yake Piak, fundi wa mjini, na Piak alikuwa ameiwekea Linux, kwa sababu ilikuwa kuukuu na mfumo mwingine wowote ungeilemea. Chompu hakuwahi kuigusa Linux. Yeye ni mhasibu wa kiwanda cha kukausha matunda ya longani. Kuandika programu alijifundisha kwa ajili ya baba, kwa video za mtandaoni, na alijua njia moja tu, kama mtu anayejua kufika sokoni kwa kupitia nyumbani kwa shangazi.

Hapa nyumbani kwa shangazi hapakuwepo. Vitufe vilikuwa mahali pengine. Mafaili yalikaa kwenye makabati yenye majina mafupi yasiyo na maana. Herufi kubwa na ndogo, ambazo kwao ni ndugu, huku hazikujuana kabisa. Na kila kitu kilitaka aandike amri kwenye dirisha jeusi lisilo na huruma.

Kosa lenyewe lakini lilikwisha kutendeka kabla hajalifikia dirisha hilo, na mimi nalisema mapema ili mtu asimcheke. Betri ndogo ya saa ndani ya ile kompyuta ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila inapowashwa inauliza tarehe. Nafasi ya mwaka ilikuwa ya tarakimu mbili tu. Chompu akajaza 67. Sisi sote tungejaza hivyo. Huku kwetu miaka inahesabiwa tangu Buddha alipoaga dunia, tulikuwa mwaka 2567, na risiti, kadi za kliniki, hata vifuniko vya maziwa vinaandika 67. Dunia nyingine ilikuwa 2024. Kompyuta haikuuliza ni miaka ya nani. Ilielewa 2067, ikanyamaza, na kwenye kona ya kioo ikaandika siku, mwezi na 67, jambo ambalo jicho la Mthai halina sababu ya kulitilia shaka. Piak naye, kwa sababu zake anazozijua, alikuwa ameuzima ule utaratibu wa saa kujirekebisha yenyewe.

Chompu akaandika amri ya kwanza. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kirefu chekundu. Akaiandika tena. Nyekundu tena. Akampigia Piak.

Piak alikuwa kwenye sherehe ya mpwa wake anayeingia utawa, na nyuma yake ngoma na vipaza sauti vilikuwa vinapasua anga. "Mdogo wangu! Umeweka lile neno la ubosi mwanzoni?"

"Neno gani?"

"La ubosi! Hiyo haikusikii mpaka uiambie wewe ndiye bosi!"

"Nimeliweka, kaka. Inasema mambo ya vyeti. Vyeti vimekwisha muda."

"Cheti cha nani?"

"Nitajuaje? Cha mtandao! Kila ninachotaka kupakua inakataa, inasema hakiaminiki."

"Badilisha chanzo cha kupakulia basi! Chukua cha Japani! Wajapani hawachelewi!" Ngoma zikammeza.

Akabadilisha chanzo, akaweka cha Japani. Kikakataa. Akaweka cha Singapuri, cha Ujerumani, vikakataa kwa maneno yale yale. Akafikiri labda intaneti ya simu yake ina kasoro, akaazima simu ya Thawin, ambaye alimkabidhi huku akimtazama kwa huruma ya kuudhi.

"Subira huvuta heri, mwanangu."

"Subira yangu mmeimaliza ninyi wawili, baba mdogo."

"Mimi nasema tu. Uhasibu ulisomea chuoni, tukakupigia makofi. Haya mengine umefundishwa na vijana wa kwenye video wasiovaa mashati. Si dhambi kushindwa."

Alijaribu na simu ya Thawin, ikakataa vile vile. Akaizima kompyuta yote na kuiwasha upya, akiomba kimoyomoyo. Ikauliza tarehe. Akajaza 67, kwa uangalifu kabisa, masikini, akihakikisha siku na mwezi visikosewe.

Saa saba chombo cha kando ya kitanda kikaanza kulia. Manesi wawili wakakimbilia, wakaongeza hewa, wakamgeuza Wichian ubavu. Chompu alisimama mlangoni na ile kompyuta imefunguka mikononi. Namba ya kwenye chombo ilishuka, ikasita, ikapanda kwa shida. Baba alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa anamtazama mkewe wala nduguye. Chompu alihisi macho yale yanamdai kitu ambacho alikuwa nacho mfukoni, kwenye flashi, na hawezi kukitoa.

Daktari Nalini akaja, akasikiliza kifua, akawaita pembeni. "Siwezi kungoja jioni tena. Chumba cha upasuaji ni chetu saa tisa. Kabla ya hapo nataka jibu lake. Nikilikosa, itabidi familia mseme kwa niaba yake."

"Familia ni mimi," Lamduan akasema.

"Na damu je?" Thawin akauliza.

"Mimi nataka lake," daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyeisikia familia hii ya kutosha. "Chompu, hicho kidude kitafanya kazi?"

"Kitafanya," Chompu akasema. Alikuwa anadanganya, na daktari alijua.

Akarudi kwenye mkeka. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Akaandika amri alizozijua, akaandika na zile ambazo hakuzijua, alizozinakili kutoka kwenye majibu ya watu wasiomfahamu, wengine wameandika miaka kumi iliyopita kuhusu kompyuta nyingine kabisa. Mfa maji hukamata maji. Moja ya amri hizo ikafuta kitu ambacho hakujua ni nini. Nyingine ikajaza kioo mistari elfu, ikasimama, ikasema haikufaulu. Akagundua kwamba analia, na kwamba ameshalia kwa muda, kwa sababu kola yake ilikuwa imelowa.

Mama yake akaja akakaa kando yake. Alikuwa amemletea mishikaki miwili ya nguruwe na wali wa kunata kwenye mfuko. Akamtazama akila tonge moja na kuacha. Kisha akasogea karibu, akanong'ona.

"Sikia. Si lazima ifanye kazi yote."

"Unasemaje, mama?"

"Kioo kikiwaka tu. Maneno yakionekana. Wewe andika ndiyo, wekeni. Thawin anajua nini kuhusu kompyuta? Akiona maandishi atasema kaka kasema."

Chompu alimgeukia. "Nimsemee baba?"

"Si umemtengenezea sauti wewe? Basi ni kama yako." Lamduan alijifuta macho kwa kiganja. "Mwanangu, mimi sina ujanja mwingine. Nimeua sauti yake kwa soda. Nikimuua na yeye nitaishi vipi?"

Kilichomtisha Chompu ni kwamba alilifikiria. Kuandika maneno mawili kwenye kioo hakuhitaji maktaba yoyote. Angeweza kulifanya kabla mama hajamaliza kufuta machozi. Baba angeishi. Angelala pale na bomba kooni, macho wazi, akijua kwamba binti yake ndiye aliyemsemea uongo, na asiweze kumwambia mtu yeyote. Akausogeza mkono wa mama polepole kutoka kwenye kibao cha herufi.

"Nenda ukamshike mkono. Mwambie nakuja."

Akabaki na kile kioo chekundu. Hakuwa na cha kujaribu tena, kwa hiyo akafanya ambacho hakuwa amefanya tangu asubuhi: akasoma. Alisoma ule ujumbe neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kama anavyosoma mkataba. Orodha hii imekwisha muda. Si halali tangu siku elfu kumi na tano na mia saba na kitu zilizopita.

Namba hiyo alishaiona ikipita na kuidhania ni takataka za mashine. Lakini mhasibu hawezi kutulia mbele ya namba. Akaitazama kwenye ujumbe wa Japani: elfu kumi na tano na mia saba. Wa Ujerumani: hiyo hiyo, pungufu ya siku chache. Wajapani na Wajerumani wamelala pamoja siku hiyo hiyo? Akaigawanya kwa siku za mwaka, kwa kichwa, kama anavyogawanya magunia. Ikatoka arobaini na tatu.

Miaka arobaini na tatu iliyopita hapakuwa na mtandao wa kupakulia chochote. Basi si wao waliochelewa. Ni mimi niliyetangulia, akawaza. Akaiandika amri ya kuuliza tarehe, kwa ukamilifu, mwaka wote. Kompyuta ikamjibu bila wasiwasi: 2067.

Alikaa akiitazama. Mwaka huo yeye ana miaka sabini na minne. Mwaka huo mama hayupo, Thawin hayupo, daktari labda ni bibi kizee anayelishwa uji. Kwa ile kompyuta, baba yake alikwisha kufa zamani na hakuna haja ya kumharakishia mtu sauti. Tangu asubuhi alikuwa akiiambia hivyo kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, kwa uangalifu.

"Mjinga wewe," akajiambia kwa sauti, hata mgonjwa aliyekuwa akipita na chupa yake ya maji ya mshipa akageuka. "Mjinga, mjinga, mjinga."

Akairudisha saa kwenye mwaka wa watu wengine. Akaandika amri ile ile ya asubuhi. Mistari ikaanza kuteremka, myeupe, mmoja baada ya mwingine, inapakua, inapakua, inafungua, imekamilika. Maktaba moja ikagoma kwa kuwa jina lake aliliandika kwa herufi kubwa. Akalirekebisha, akitukana kwa maneno aliyofundishwa na gumba la baba yake. Akachomeka flashi. Kioo kikawa bluu, na herufi zikaanza kupita.

Saa nane na nusu alikuwa kando ya kitanda, kompyuta juu ya meza ya chakula, kitufe chini ya gumba. Lamduan upande mmoja, Thawin upande wa pili. Daktari Nalini alisimama miguuni mwa kitanda. Mzee wa plasta alijiinua kwa viwiko asipitwe.

"Baba," Chompu akasema. "Sema."

Nimewahi kuona watu wakingoja matokeo ya bahati nasibu, na hawakungoja vile. Lamduan alikuwa na hakika kwamba litatoka jina lake. Thawin alishaunganisha viganja kifuani, tayari kupokea wosia. Chompu, nikisema kweli, alikuwa anangoja baraka, au lawama, au kitu chochote kikubwa kinacholingana na siku kama ile. Herufi zikapita. Gumba likabonyeza. Zikapita tena. Likabonyeza. Programu ikakumbuka mazoea yake ya zamani, ikapendekeza supu. Gumba likakataa. Jasho lilikuwa limemtoka Wichian kwenye paji la uso. Likabonyeza tena, na neno likakamilika.

Itauma?

Chompu alilisoma mara ya pili. Tangu asubuhi walikuwa wamezungumzia karma, damu, ndoa, miaka thelathini na tano, nani familia na nani si familia, na kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyemwambia mtu anayekwenda kutobolewa koo kama ataumia.

Daktari alimgeukia Lamduan, kama walivyozoea madaktari kujibu jamaa. "Kwa kweli upasuaji wenyewe..."

"Mwambie yeye," Chompu akasema. "Masikio anayo."

Daktari akaona haya, na ilionekana. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Wichian.

"Mzee, sikuambii uongo. Wakati wa kutoboa utakuwa usingizini, hutasikia kitu. Ukiamka koo litauma siku kadhaa, na tukisafisha bomba utakohoa vibaya, utanichukia. Dawa ya maumivu nitakupa bila kuombwa. Ukiamua hutaki bomba, nayo pia sitakuacha uhangaike. Nitakulaza usingizi, hutapaliwa. Kwa vyovyote sitakuacha uumie peke yako. Umenielewa?"

Gumba likapiga mara moja.

"Sasa niulize tena. Tuweke bomba?"

Gumba halikuwa na haraka. Lamduan alikuwa ameshikilia nguzo ya kitanda. Likapiga mara moja. Wakangoja la pili. Halikuja.

Thawin akashusha viganja. "Basi," akasema taratibu, "kama kaka anataka, anataka," akaenda kusaidia manesi kuleta kitanda cha magurudumu, kwa sababu hakujua pa kuweka mikono yake. Lamduan akaanza kulia kwa kelele, akisema alijua, alijua tangu mwanzo, si aliwaambia?

"Mama, nyamaza kidogo," Chompu akasema.

Gumba lilikuwa bado linabonyeza. Wakaacha kila kitu wakatazama kioo. Herufi zilipita taratibu, na neno la kwanza likaja, likafuatwa na la pili, huku nesi akiwa ameshika mpira wa hewa mkononi, hasogei. Chompu akataka kuisaidia programu, akaukaza mkono wake pembeni usiguse kitu. Sentensi ilipokamilika Wichian alikuwa anahema.

Siku zote hizi nilikuwa naogopa peke yangu.

Lamduan akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akalaza shavu lake juu ya lile gumba, na hakuna nesi aliyemwambia aondoke.